Kutoa kazi nje bila kugeuzana maadui: hatua nilizopita na mwenzangu

Wiki iliyopita nilikaa hadi usiku na mwenzangu, tukichambua mkataba wake na kampuni inayompokelea simu za wateja. Mkataba ni mnene, una mihuri, na kila mwezi ripoti inaonyesha mambo safi. Wateja wake tu ndio hawana habari kwamba mambo ni safi. Tuliyoyafanya ndiyo haya, na nimechanganya na yale yaliyowahi kunitoa jasho mimi mwenyewe.

Hatua ya 1: Sema unachotaka, usiseme kifanyweje

Ukimlipa mtaalamu halafu ukampangia zamu ya asubuhi wakae watu wangapi, umenunua mikono na akili umeiacha dukani. Andika matokeo: "shida ya mteja iishe kwa simu ya kwanza." Kate Vitasek na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, wana kanuni tano za mikataba ya namna hii, na moja ni hiyo: mnunuzi aseme nini, mtoa huduma aseme vipi. Karatasi moja inatosha.

Hatua ya 2: Chagua mtu

Zabuni unazijua. Mimi naongeza mawili tu: ongea na atakayesimamia kazi, si aliyekuja kuuza, na bei ikiwa ya chini kupita kiasi, mwombe akuonyeshe ameifikiaje. Akishindwa, atakuja kuifidia kwako baadaye.

Hatua ya 3: Bei (hapa jiandalie chai)

Mwenzangu analipa kwa kila simu iliyopokelewa. Tukamwita msimamizi wa zamu wa mkandarasi, tukamuuliza simu nyingi ni za nini. "Mzigo wangu umefika wapi," akasema, bila hata kufungua daftari. Ujumbe mfupi kwa mteja mzigo unapotoka ungezimaliza, na wao walilijua hilo tangu mwaka jana. Mbona hamkusema? Akacheka. "Tungelipwa nini?"

Simlaumu. Mkataba ulimlipa kwa tatizo la mteja, si kwa kuliondoa.

Tulichofanya ni kugawana akiba. Tuseme simu ni 4,000 kwa mwezi, kila moja inalipwa 1, na faida ya mkandarasi ni 15 katika kila 100. Anapokea 4,000, anabaki na 600. Simu zikishuka hadi 2,800, faida yake inakuwa 420, kwa hiyo ana kila sababu ya kunyamaza. Sasa mpe nusu ya ile 1,200 iliyookolewa: 420 na 600, jumla 1,020. Wewe unalipa 3,400 badala ya 4,000. Wote mmepata, na wateja hawapigi simu tena kuulizia mzigo.

Kwenye karatasi ni rahisi. Vita viko kwenye mambo haya, na kila moja limewahi kunilaza ofisini:

- Mnaanza kuhesabu kutoka wapi, yaani msingi wenu ni simu ngapi? Chukueni miezi 12 iliyopita, si mitatu, maana biashara ina misimu.
- Simu ni nini? Mteja aliyekatika akapiga tena, ni simu moja au mbili? Nilipoteza siku nzima kwa swali hili kwa sababu mfumo wetu ulihesabu moja na wao mbili. Liandikeni kabla ya kusaini.
- Weka breki. Njia nyepesi ya kupunguza simu ni kutozipokea. Sehemu ya akiba ilipwe tu ikiwa malalamiko na simu zilizokosa kupokelewa havikupanda.
- Ukifanya promosheni na simu zikafurika, hilo ni lako. Msingi wa hesabu upande kwa kiasi hicho.
- Mishahara na viti vya wapokea simu wa mkandarasi havishuki siku moja na simu. Ile 420 yangu inadhani vimeshuka. Miezi ya mwanzo mpe fungu kubwa zaidi ya nusu.
- Usishushe msingi kila mwaka. Ukifanya hivyo, atajifunza kwamba kila akikuokolea pesa mwaka huu, mwakani anaadhibiwa.

Na usijidanganye kwamba vifungu vingi vitaziba kila tundu. Oliver Hart, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2016 pamoja na Bengt Holmström, amefanya kazi kubwa juu ya hilo: mkataba hauwezi kutabiri kila kitu. Yeye na John Moore walieleza kwamba upande unaohisi umepunjwa si lazima uvunje mkataba. Hupunguza juhudi tu, kidogo kidogo, ndani ya sheria. Ukimkamua bei mkandarasi hadi mfupa, hiyo ndiyo huduma utakayonunua.

Hatua ya 4: Vipimo

Vitano, basi. Vikizidi, ripoti inakuwa tikiti maji: nje kijani, kila kitu safi, ndani nyekundu, mambo yameharibika. Na asilimia zigeuze ziwe saa. Mfumo kupatikana 99.5% inasikika vizuri, lakini katika mwezi wa siku 30 ni saa 3 na dakika 36 za kuzimika. 99.9% ni dakika 43 hivi. Kisha uliza zinaangukia lini, usiku wa manane au saa ya mauzo.

Hatua ya 5: Vikao

Kila wiki, nusu saa, lahajedwali moja ambalo pande zote mbili zinaliandika. Sizipendi zile programu zenye michoro ya rangi. Kila mtu anatazama mchoro na hakuna anayeuliza namba imetoka wapi. Jambo la kwanza kwenye ajenda liwe habari mbaya, na uanze wewe na za kwako: orodha ya bidhaa uliyochelewa kuituma, ankara uliyoikalia. Mwenzangu alianza na ankara tatu. Msimamizi naye akatoa daftari lake.

Hatua ya 6: Kuachana

Iandikwe siku ya kwanza, mkiwa bado mnacheka pamoja: data ni ya nani na itarudi katika muundo gani, nywila anashika nani, makabidhiano yatachukua siku ngapi na yatalipwaje. Kwenye mkataba wa mwenzangu palikuwa na mstari mmoja tu, "kwa maelewano." Tumeufuta.