Jinsi ya Kulisoma Jumba la Kale la Kiingereza: Mfano wa Little Moreton Hall

Anayetaka kuyaelewa majumba ya kale ya makabaila wa Uingereza na aanze na Little Moreton Hall, katika kaunti ya Cheshire, kwa kuwa kiunzi chake cha mbao kiko wazi na kinaonekana kwa macho. Familia ya Moreton ilianza kulijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, ikaendelea kuliongeza kwa takriban karne nzima.

Rangi isikushughulishe sana. Mbao nyeusi na kuta nyeupe ni mtindo ulioenea katika karne ya 19. Hapo awali mti wa mwaloni uliachwa ugeuke kijivu wenyewe.

Vuka daraja la handaki la maji, pita langoni, kisha uende moja kwa moja ukumbini, maana vyumba vingine vyote vilipangwa kwa kuufuata ukumbi. Tafuta kwanza milango ya upande wa jikoni na stoo. Ukishaiona, utajua kwamba upande wa pili ndiko bwana alikokula na jamaa zake, na kwamba vyumba vyao vya faragha vinaanzia huko. Mpangilio huu utaukuta katika majumba mengi ya enzi hiyo, hata yaliyojengwa kwa mawe. Ukiwa uani, tazama madirisha makubwa yaliyojitokeza nje: yaliwekwa mwaka 1559, na seremala Richard Dale alichongewa jina lake juu yake pamoja na la William Moreton, heshima ambayo mafundi wengi wa wakati ule hawakuipata.

Sasa chunguza maungio. Nguzo na boriti zimeshikana kwa ulimi uliochomekwa tunduni na kukazwa kwa vigingi vya mti, na nafasi kati yake zilizibwa kwa fito na kukandikwa udongo, kazi ambayo aliyekulia katika nyumba ya udongo ya Pwani ataitambua mara moja.

Malizia kwenye baraza ndefu ya ghorofa ya juu, yenye urefu wa mita 21 hivi, ambako wenyeji walitembea siku za mvua. Hapo ndipo penye maelezo ya kuta zilizopinda. Usimlaumu fundi kabla hujaufuata uzito kutoka juu kwenda chini: paa ni la mabamba mazito ya mawe, na inaelekea baraza yenyewe iliongezwa wakati ujenzi wa chini ulikwisha kuanza. Kwa hiyo ghorofa zilizo chini yake zikaelemewa na kusukumwa nje, na baadaye zikahitaji kuimarishwa kwa vyuma vilivyofichwa ndani ya kiunzi.