Cheti cha waifai: kabla ya kulipia, angalia mapaa kwanza

Madogo wa Arusha na Moshi mnaoniuliza "bro nichukue cheti gani cha waifai", hebu panda daladala ya Usa River ukae dirishani, uangalie mapaa ya hoteli na maofisi, vile visahani vyeupe vya intaneti vilivyofungwa kwenye mabomba ndo ajira yenyewe.

Kama hata IP (anwani za vifaa kwenye mtandao) bado inakuchanganya, achana na waifai kwa sasa, piga CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Mtihani dakika 120, dola 300 kodi mbali, cheti kinakaa miaka 3, na ndani mna waifai kidogo. Ila mtu akikuuzia noti za CCNA Wireless mwambie asante, ile ilifutwa Februari 2020 (bado wapo wanaouza, nawajua).

Ukitaka kazi haraka kwa wale wanaosambaza intaneti mitaani, chukua vyeti vya MikroTik, kampuni ya rauta. Unaanza MTCNA, cheti chao cha mwanzo, ndo unaenda MTCWE ambayo ni ya waifai, huwezi kuruka. Ni darasa la siku chache na mtihani unaufanya hapohapo mwishoni, ukipata 60% umefaulu.

Sasa CWNA, cheti cha waifai tupu, hii ndo naipenda mimi. Haina mambo ya kampuni fulani, inakufundisha mawimbi yenyewe, antena, desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi), kwa nini kwenye masafa ya 2.4 GHz watu wanashikilia chaneli 1, 6 na 11. Maswali 60, dakika 90, kufaulu 70%, na ukishakuwa nayo ndo unafunguliwa CWSP ya usalama, CWDP ya kudizaini na CWAP ya kuchambua. Niliielewa thamani yake kwa aibu, nilifunga linki ya 5 GHz, ya kurusha intaneti toka mnara mmoja hadi mwingine, Kibosho wakati wa kiangazi ikapiga vizuri tu, masika ilipoingia ikawa inakatakata, nikabadilisha rauta mara mbili, mteja kanuna, kumbe migomba imeota ikaingia katikati, na jani la mgomba limejaa maji linanyonya mawimbi balaa. Tena hata ukiona mnara wa pili kwa macho haitoshi, mawimbi hayapiti kama kamba yanatanuka katikati kama mpira wa raga, lazima juu ya majani ibaki nafasi. Nilirefusha bomba tu, yakaisha. Rauta haikuwa na kosa lolote!

Kwa hiyo mimi ningeenda hivi: CCNA au MTCNA kutegemea kazi unayoitaka (benki na maofisi makubwa wanaielewa zaidi CCNA), halafu CWNA ukishapata mshahara. Hizo CWSP na wenzake usiziwaze sasa hivi.

Na wakati unachanga hela ya mtihani tafuta hata hAP lite moja iliyotumika, kirauta kidogo cha MikroTik, ina RouterOS (programu inayoiendesha) ileile ya rauta zao kubwa, ifunge nyumbani kwa bi mkubwa, akilalamika waifai haifiki jikoni hapo ndo umeanza kusoma.