Kabla hujang'oa jino, angalia kwanza kama si mshipa wa uso

Huku kwetu mtu akiumwa na shavu tu mbio kung'oa jino, linatoka la kwanza maumivu yapo, linatoka la pili yapo vilevile, kumbe meno hayana kosa, mwenye kosa ni mshipa wa fahamu wa uso. Kila upande uko mmoja na una matawi matatu, la juu linakwenda kwenye jicho na kipaji, la kati shavu na meno ya juu, la chini taya na meno ya chini, ndo maana mtu anaapa kabisa kuwa ni jino.

Sasa utajuaje? Angalia yanavyokuja. Ya mshipa yanapiga ghafla kama shoti ya umeme, sekunde chache mpaka dakika mbili hivi, yanakata, halafu yanarudi, na aghlabu ni upande mmoja tu. Jino bovu mara nyingi linavuta muda mrefu, na ukiligonga unaliona hasa ni lipi.

Halafu tazama kinachoyaamsha, hapa ndo penyewe. Mtu anatia udhu, kasukutua vizuri, anakuja kuosha uso, kidole kikigusa tu pembeni mwa pua basi anaganda palepale, kafumba macho, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Wengine ni mswaki, wengine kunyoa ndevu, kutafuna, hata kuzungumza au upepo wa kwenye boti.

Mdomo ukipinda na jicho halifumbi hiyo nyengine kabisa, usingoje, hospitali siku hiyohiyo maana huenda ikawa kiharusi. Malengelenge upande mmoja wa uso, fikiria mkanda wa jeshi, na hiyo nayo haitaki kungojwa.

Andika kwenye simu yanapiga wapi, muda gani, nini kimeyaamsha. Anza kwa daktari wa meno akupige eksirei, jino likiwa zima usikubali ling'olewe, omba barua ya rufaa uende hospitali kubwa, mfano Mnazi Mmoja ya Unguja. Panadol hapa haifui dafu. Dawa inayoanzwa nayo sana ni kabamazepini, ndiyo, ya kifafa, usitishike, ila inalevya kidogo na usiikate ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Ukitoka vipele mwilini lakini, rudi hospitali mbio kabla ya kumeza kidonge chengine. Na kama uso una ganzi, au yanapiga pande zote mbili, au bado kijana chini ya miaka 40, mwambie daktari waziwazi, hapo atataka upigwe MRI, ile picha ya mashine ya ndani ya kichwa, aone kama kuna kitu kinaubana mshipa.