Namna ya kumpata gonoleki wa mafunjo

Gonoleki wa mafunjo ni ndege asiyeishi penginepo ila kwenye mafunjo (papyrus), kwa hiyo usimtafute bustanini wala kwenye miti. Kwa Kenya anzia Dunga, karibu na Kisumu, au kinamasi cha Yala huko Siaya.

Hatua ya 1: Fika alfajiri. Upepo wa ziwa ukishaanza, mafunjo yote hucheza na hutajua ni shina lipi limetikiswa na ndege. Dunga, panda mtumbwi pamoja na mwongozaji wa hapo hapo. Yeye anajua viboko wako wapi.

Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kutazama. Mmoja hupiga mluzi mzito, mwenzake akadakia papo hapo kwa sauti ya kukwaruza. Hupokezana upesi hata ukadhani ni ndege mmoja. Ukiwasikia, acheni kupiga kasia na mnyamaze.

Hatua ya 3: Elekeza darubini penye pengo kati ya mashina, chini ya vishungi. Hutokeza kidogo tu, kisha huzama tena ndani. Subira ndiyo inayompata.

Hatua ya 4: Anza na utosi. Hapa wengi hukosea, kwani gonoleki kichwa-cheusi naye ana mgongo mweusi na kifua chekundu, na wekundu ule huteka macho. Utosi wa manjano na mstari mweupe bawani: huyo ni wa mafunjo. Kichwa cheusi tii na bawa lisilo na mstari: huyo ni wa vichakani.

MASWALI YA WANACHAMA

Naweza kumwita kwa sauti ya kurekodi kwenye simu?
Nakuomba usifanye hivyo. Atadhani amevamiwa, aache kula au kulisha makinda ili aje kupigana na simu yako.

Nimemwona mwekundu kwenye ua nyuma ya nyumba, Kisumu mjini. Ndiye?
Bila shaka ni kichwa-cheusi. Ni mzuri pia, mwandike daftarini.

Niko Uganda. Lazima nije huko?
La. Nenda kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya Entebbe. Wengi hufuata korongo-nyangumi (shoebill) pale na kumpita huyu. Walio Rwanda wajaribu hifadhi ya Akagera.

Wasuka mikeka wanaokata mafunjo wanamfukuza?
Ukataji wa vipande vidogo, kwa zamu, huyaacha mafunjo yachipue tena. Kinachomwondoa ni kuchoma kinamasi na kukikausha ili kulima, maana hana pengine pa kuhamia.