Kuanza mbio ukiwa kijana: mpango wa wiki nane kwa asiyewahi kukimbia

Kijana anayeanza mbio huja na hamu ya kukimbia mpaka miguu ikatae, na kazi yangu kubwa kama kocha katika wiki za mwanzo ni kumzuia. Moyo na mapafu huzoea mazoezi upesi. Baada ya wiki chache pumzi inafunguka na unatamani kuongeza. Mifupa na kano huchukua miezi. Nawe bado unakua: karibu na ncha za mifupa yako kuna sehemu za gegedu ambako mfupa hurefukia, na sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Mpango huu wote unaisubiri mifupa, hata pale pumzi inapokuambia unaweza zaidi.

Hatua ya 1: Jihakikishie afya

Kama una ugonjwa wa moyo, umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukiwa mazoezini, au ndugu wa karibu alifariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, muone daktari kwanza. Pumu haikunyimi mbio, ila zungumza na daktari wako na dawa ya kuvuta iwe mfukoni. Mzazi au mlezi ajue unakimbilia wapi na utarudi saa ngapi.

Hatua ya 2: Viatu

Raba za bei kubwa si lazima. Zikushike vizuri kisigino, na ukisimama ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Zijaribu jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kutwa nzima. Usirithi raba za kaka au dada zilizolika soli upande mmoja. Miguu ya umri wako hukua haraka, kwa hiyo pima tena nafasi hiyo kila baada ya miezi michache.

Hatua ya 3: Chagua siku tatu

Jumatatu, Jumatano na Jumamosi zinafaa, mradi kuwe na angalau siku moja ya kupumzika katikati. Kama tayari unacheza mpira mara mbili kwa wiki, mbio za siku moja au mbili zinakutosha.

Hatua ya 4: Kimbia na kutembea

Kila mara anza kwa dakika 5 za kutembea kwa haraka, kisha bembeza miguu mbele na nyuma na uinue magoti mara kadhaa. Baada ya hapo:

- Wiki ya 1 na ya 2: kimbia dakika 1, tembea 2. Rudia mara 8.
- Wiki ya 3: kimbia 2, tembea 2. Mara 6.
- Wiki ya 4: kimbia 3, tembea 2. Mara 5.
- Wiki ya 5: kimbia 5, tembea 2. Mara 4.
- Wiki ya 6: kimbia 8, tembea 2. Mara 3.
- Wiki ya 7: kimbia 12, tembea 2. Mara 2.
- Wiki ya 8: kimbia dakika 20 mfululizo.

Malizia kwa kutembea dakika 5. Wiki ikikushinda, irudie. Hata ukiirudia mara mbili hujapoteza kitu. Wiki ikiwa rahisi mno, usiruke kwenda inayofuata. Hapo ndipo vijana wenye vipaji huumia.

Hatua ya 5: Kasi ya kuongea

Ukikimbia, sema sentensi nzima kwa sauti. Ikikatika katikati kwa kukosa pumzi, punguza mwendo, hata kama mwenzako anakuacha. Najua inauma kuachwa, hasa mbele ya marafiki, lakini mbio za kushindana na rafiki si mazoezi ya anayeanza. Vuta hewa kwa pua na mdomo kwa pamoja. Piga hatua fupi, mguu utue karibu na chini ya mwili wako, mabega yalegee. Kama simu inakuonyesha kasi, iache mfukoni.

Hatua ya 6: Tofautisha uchovu na jeraha

Misuli ya mapaja yote mawili ikiuma kesho yake na kupoa baada ya siku mbili tatu, huo ni uchovu wa kawaida. Maumivu ya mfupani ni habari nyingine. Kwa vijana hujitokeza zaidi sehemu tatu: kwenye ugoko, chini kidogo ya kifuniko cha goti pale kano inaposhikana na mfupa, na nyuma ya kisigino. Maumivu yakikufanya uchechemee, acha mbio siku hiyo na utembee kurudi nyumbani. Ukiweza kuonyesha mahali panapouma kwa kidole kimoja juu ya mfupa, au panauma hata usiku ukiwa umelala, nenda hospitali kabla ya kukimbia tena. Usimeze dawa ya maumivu ili umalize mazoezi.

Hatua ya 7: Kula, lala

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na kwa anayekimbia hilo ni sehemu ya mazoezi. Ongeza chakula, usipunguze. Kwa msichana, hedhi ikipotea kwa miezi mitatu baada ya kuanza mbio, huenda chakula hakitoshi mahitaji ya mwili, na mifupa inaweza kudhoofika. Mwambie mtu mzima unayemwamini na umuone daktari. Usikubali anayekuambia kuwa hiyo ni dalili ya mwanariadha mzuri.

Hatua ya 8: Baada ya wiki ya nane

Kaa kwenye dakika 20 kwa mwezi mzima. Kisha ongeza dakika 2 au 3 kwa wiki, kwenye mbio moja tu kati ya tatu. Dakika 30 zikishakuwa rahisi siku zote tatu, ndipo tuanze kuzungumzia kasi.