SOMO: Kurekebisha kifurushi cha mwenzako Debian bila kuzua ugomvi

Wakuu, hasa vijana wa Mbeya na Iringa mnaoanza kujitolea Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, leo tuzungumzie ugomvi tu. Jinsi ya kujenga kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) tutaiona siku nyingine.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na mpaka leo wanaofungasha programu ni watu wa kujitolea. Hakuna bosi, ila kila kifurushi kina mtunzaji wake, na kisicho naye huwa kimetangazwa yatima. Shamba la viazi la jirani likijaa magugu huliingii kwa sababu tu una jembe.

Hatua ya 1. Jua kasoro ni ya nani. Kuna walioandika programu, na kuna aliyeifungasha, yaani mtunzaji. Kitufe kikigoma, mara nyingi kasoro ni ya waandishi. Faili likikaa pasipo pake baada ya kusakinisha, muulize mfungashaji.

Hatua ya 2. Soma ripoti za kasoro za zamani. Kama kasoro yako ipo, ongezea palepale.

Hatua ya 3. Uzito wa ripoti. Moto mwingi huwaka hapa. Programu imegoma kwenye laptop yako, mkono unawasha kuandika "grave". Tulia. Ngazi za serious, grave na critical huzuia kifurushi kuingia kwenye toleo jipya la Debian, na kikiachwa hivyo kinaweza kuondolewa kwenye maandalizi ya toleo hilo. Mtunzaji anaamka asubuhi anakuta kazi yake ya miaka iko hatarini, kumbe diski yako ndiyo imejaa. Majibu yake hayatakuwa matamu, na mimi simlaumu. Ukiwa na shaka weka normal, wenyewe watapandisha.

Hatua ya 4. Tuma kiraka (mabadiliko yanayorekebisha kasoro) kwenye ripoti, kisha subiri. Asiye mtunzaji anaruhusiwa kupakia, lakini kwa kupitia foleni ya kuchelewesha, ambako kifurushi hukaa siku kadhaa kabla ya kuingia. Kwa marekebisho ya kawaida inashauriwa siku 10, ili mwenyewe apate nafasi ya kukataa. Kwa mfano, toleo 2.4-1 la kifurushi litakuwa 2.4-1.1, kila mtu aone kuwa mgeni amepita. Na urekebishe ulichotaja tu. Kupangua mafaili ya mtu kwa sababu mpangilio wako unapendeza kunaudhi kuliko kasoro yenyewe.

Hatua ya 5. Mkipanga kikao na wenzenu, muda uandikwe kwa UTC, saa za kimataifa. Saa 18:00 UTC kwetu ni saa 3 usiku.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Uyole: Mtunzaji kafunga ripoti yangu kwa mstari mmoja, hata salamu hakuna. Kanidharau?
Jibu: Hapana mkuu. Huko wengi huingia kwenye hoja moja kwa moja. Kama sababu yake haikutosha, jibu kwa ushahidi: amri uliyoandika na kompyuta ilivyojibu.

Mdau, Mafinga: Na akinyamaza kabisa?
Jibu: Kama kifurushi kimetelekezwa kweli, fungua ripoti ya kutaka kukichukua, subiri siku 21, halafu kipakiwe kwenye foleni kwa siku 7 au zaidi. Akipinga wakati wowote, unaacha. Kama huna haki ya kupakia, tafuta mdhamini, yaani mwenye haki hiyo akupakilie.

Mdau, Iringa mjini: Nilitangaza ITP (nia ya kufungasha) ya programu fulani, sasa mitihani imenibana. Nikae kimya mpaka nimalize?
Jibu: Usikae kimya, kuna mwenzako anaiacha akijua unaishughulikia. Badilisha kichwa cha ripoti kutoka ITP kiwe RFP (ombi kwamba mtu aifungashe) leo hii. Ukimaliza mitihani ukaikuta bado ipo, ichukue tena.