Anza na mtu aliye Mwezini
Ukifundisha historia ya elimu ya nyota, usianze na orodha ya tarehe. Anza na Somnium, yaani "Ndoto", hadithi ya kubuni ya Kepler, mwanaastronomia Mjerumani, iliyochapishwa 1634, miaka minne baada ya kifo chake. Humo wamo viumbe wa Mwezini wanaoamini kabisa kwamba wao wametulia tuli na mbingu ndiyo inayowazunguka.

Waambie wanafunzi wafumbe macho, wajione wamesimama Mwezini, upande ule unaotutazama. Dunia inaning'inia palepale angani, haichomozi wala haizami, ila inajizungusha kama pia: bara linapita, bahari inafuata, na baada ya saa 25 hivi bara lile lile limerudi. Kisha uliza swali moja tu: "Huyo wa Mwezini atajuaje kwamba yeye ndiye anayekwenda?"

Nyamaza, waache wabishane. Nazipenda mno dakika hizo, tafadhali usiziharakishe. Hoja ya mwanaastronomia Copernicus ya 1543, kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua, ilete baadaye, wakiwa wameshaonja ugumu wake. Ila watajie mapema kipi ni cha kubuni: viumbe ni ndoto, mwendo wa Dunia angani ni hesabu ya kweli.